Barua ya wazi kuhusu Mto Umba: kipimo kwanza, mlango pili, ukuta baadaye

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
na Mheshimiwa Waziri wa Maji, Jamhuri ya Kenya.
Nakala: Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya, Mkuu wa Mkoa wa Tanga, Gavana wa Kaunti ya Kwale.

Waheshimiwa,

Kila kiangazi kinapobana, neno "bwawa", la kuzuia maji ya Mto Umba, hurudi vinywani mwa watu. Hatuandiki kulipinga. Tunaandika kwa sababu mazungumzo ya namna hii kwa kawaida huanzia kwenye ukuta: urefu wake, gharama yake, kazi atapewa nani. Yanaachwa mambo mawili yanayoamua kama bwawa litakuwa neema au ugomvi, yaani mto una maji kiasi gani, na nani mwenye kauli ya kusema mlango ufunguliwe lini.

Umba huanzia msitu wa Shagayu, Usambara Magharibi. Unashuka kwenye mashamba ya mpunga yaliyo chini ya mlima, unakata nyika, unapita Mwakijembe wilayani Mkinga, unavuka mpaka na kumwagika baharini Vanga, katikati ya mikoko. Chanzo ni chetu sisi wa Tanga, mlango wa mto ni wa wenzetu wa Kwale. Sasa geuzeni ramani. Mto Lumi unatoka mteremko wa mashariki wa Kilimanjaro, unapita Taveta upande wa Kenya, unaingia Ziwa Jipe ambalo mpaka umelipasua katikati. Maji yanayotoka Jipe ndiyo Ruvu (huu wa Kilimanjaro, si ule wa Bagamoyo) unaoingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na Kikuletwa. Baada ya hapo ni Mto Pangani, hadi Hale, hadi Pangani mjini. Huko wa chini ni sisi.

Kwa hiyo Tanga iko juu kwenye mto mmoja na chini kwenye mwingine, na jirani ni yule yule. Ombi letu linatoka hapo: kila sharti ambalo tungependa Taveta walifuate kwa ajili ya Pangani, tulifuate sisi kwa ajili ya Vanga, tena tuliandike kabla mkandarasi hajashusha mtambo.

Tuanze na kipimo. Mto unaoshuka Usambara haupandi polepole kama Rufiji. Mvua ikinyesha mlimani alasiri, maji hufika bondeni usiku, na msomaji wa geji (ubao wenye alama za kina, uliosimikwa mtoni) anapokwenda asubuhi saa moja anakuta mto umeshashuka. Anaandika namba aliyoiona. Namba hiyo ni ya kweli, ila gharika lote limepita bila kuandikwa. Ukikusanya daftari la miaka 10 la namna hiyo unapata mto mpole ambao haupo, na mhandisi atakayelitegemea atachora utoro wa maji (njia ya kumwaga maji yaliyozidi bwawani) mwembamba. Tuta la udongo halivumilii kupitiwa mgongoni: maji huanza kuchimba upande wa chini, mfereji mdogo unakuwa korongo, na ikifika hapo magunia ya mchanga hayasaidii kitu. Kenya wanajua tuta likikatika huwaje: Solai, Nakuru, Mei 2018, tuta la shamba binafsi lilipokatika usiku na kuua zaidi ya watu 40.

Kosa la pili ni mchanga. Sehemu ya chini ya Umba sakafu yake inahama. Geji ikionyesha sentimita 80 Machi na sentimita 80 tena Juni baada ya masika, si lazima maji yawe sawa. Huenda mchanga umepanda sentimita 30 na kinachopita ni nusu ya kile cha mwanzo. Jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko lazima lisahihishwe baada ya kila gharika kubwa kwa kupima upya mtoni. Kazi yenyewe haina siri. Kamba inavutwa toka ukingo hadi ukingo, mto unagawanywa vipande kama 20, na kisiwepo kipande kinachobeba zaidi ya asilimia 10 ya maji yote. Penye kina kifupi, chini ya sentimita 75 hivi, kasi hupimwa mara moja, kwenye sehemu 6 kati ya 10 za kina kuhesabu kutoka juu. Penye kina zaidi hupimwa mara mbili, kwenye sehemu ya 2 na ya 8, ikachukuliwa wastani. Kasi mara upana mara kina, vipande vyote vikajumlishwa. Timu ikienda na mafuta ya gari, mita ya mkondo iliyokaguliwa na watu watatu, humaliza kituo kimoja asubuhi moja. Kinachokosekana kwa kawaida ni mafuta ya gari.

Tunapendekeza vituo vitatu: kimoja chini ya mabanio (vizuizi vya kuchepushia maji) ya skimu za mpunga zilizo chini ya mlima, kimoja karibu na mpaka upande wetu, kimoja darajani Lungalunga, upande wa Kenya. Kila kituo kiwe na geji ya kusomwa kwa macho na, ndani ya bomba la chuma kando yake, kinasa cha kupima kina cha maji, kinachoandika kila dakika 15, ili gharika la usiku lisipotee. Cha mpakani kipimwe na timu za nchi zote mbili, siku moja, mahali pamoja, kila timu na mita yake. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, zirudie hapo hapo kabla ya kupanda gari. Kubishana mezani Nairobi au Dodoma juu ya namba ambazo hakuna aliyeziona zikipimwa ni kupoteza posho.

Miaka 3 ya vipimo ni michache, 5 afadhali. Tunajua hakuna mwanasiasa anayependa kusikia hivyo, lakini bwawa lililojengwa kwa mto wa kukisia litakuja kujazwa kwa maji ya mtu mwingine.

Sasa mlango. Sheria za nchi zote mbili, yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na ya Maji ya Kenya ya 2016, zinaitambua akiba: maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu na ya uhai wa mto wenyewe, ambayo hayagawiwi kwa kibali cha mtu. Tatizo ni namna ya kuipigia hesabu. Wengine huchukua kiwango ambacho mto hukifikia au kukipita kwa asilimia 95 ya siku, wakakiita akiba. Kwa mto usiokauka inaweza kutosha. Kwa mto wa nyika unaobaki uzi wa maji mwezi wa pili, namba hiyo inakaribia sifuri, na anayeifuata anaweza kuukausha mto kisheria kabisa, vibali mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo Pangani limeshatufundisha. Mtambo wa Nyumba ya Mungu wa megawati 8, Hale wa 21 na ule mpya wa Maporomoko ya Pangani wa 68 yote inangoja maji ya mto mmoja, na juu yake kuna mifereji ya mashamba Kilimanjaro na Arusha. Bwawa lilipokuja katika miaka ya 1960, mafuriko yaliyokuwa yakitandaa kwenye kinamasi cha Kirua yalishikwa, na kinamasi kikanywea, pamoja na uvuvi na malisho yake. Huku chini, maji ya mto yakipungua, chumvi ya bahari hupanda mtoni. Ukijumlisha lita za mwaka mzima unaweza kudhani mambo ni sawa. Mtu wa chini hupoteza msimu kabla hajapoteza lita.

Kwa hiyo kanuni ya mlango wa Umba isiwe namba moja ya mwaka mzima. Tunapendekeza hivi. Miezi ya kiangazi bwawa lisihifadhi chochote. Kinachoingia kitoke, kasoro kilichopaa kama mvuke. Kuhifadhi kuwe masika na vuli tu, tena baada ya kituo cha mpakani kuonyesha kiwango kilichokubaliwa na pande zote. Masika, milango ifunguliwe kwa nguvu angalau mara mbili, siku 3 hadi 5 kila mara, ili maji yafagie chumvi mlangoni mwa mto na kupeleka tope kwenye mikoko. Ufunguzi huo ufuate mvua ya mlimani badala ya tarehe ya kalenda, na uangalie mwezi. Bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) ikikutana na gharika la mto, Vanga ndiyo inayofurika. Ufunguzi uangukie maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Jedwali la kupwa na kujaa hujulikana mwaka mzima mbele, hivyo hakuna udhuru wa kuwafungulia watu maji usiku wa mwezi mpevu.

Kasi ya kufungua nayo iandikwe. Kina chini ya ukuta kisipande zaidi ya sentimita 15 kwa nusu saa, kwa sababu kuna wanaofua, wanaonywesha ng'ombe na wanaovuka kwa miguu. Kushuka kuwe polepole zaidi. Mto ukishushwa ghafla, kingo zilizolowa zinabaki na uzito wa maji ndani bila kitu cha kuziegemea, zinamomonyoka, na samaki hubaki kwenye vidimbwi vya mchanga.

Yote haya yanategemea tundu, na hapa tunaomba wasanifu wasikilize. Bwawa lenye utoro wa juu peke yake haliwezi kutoa maji ya kiangazi hata mwendeshaji akitaka. Lazima kuwe na mlango wa chini, na kando yake bomba dogo lisilo na valvu kabisa, ambalo hakuna mtu wa kulifunga. Tundu la kipenyo cha sentimita 50 likiwa na mita 5 za maji juu ya katikati yake hupitisha kama mita 1.2 za ujazo kwa sekunde. Maji yakishuka hadi mita 1.25, yaani robo, mtiririko hushuka hadi nusu tu, siyo robo. Bomba likiwa refu chini ya tuta hupungua zaidi kwa msuguano, na hilo lipigiwe hesabu. Mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni lita milioni 86.4 kwa siku; tofauti ya sentimita 10 kwenye kipenyo ni kiangazi kizima cha watu wa Lungalunga. Mbele ya tundu kuwe na chekeche la nondo na ngazi ya kulifikia, maana magogo na majani huziba, na mwendeshaji asiyeweza kufika hafagii.

Mvuke tuuseme upesi. Nyikani, tukichukua mfano wa mita 2 kwa mwaka, bwawa la kilomita 5 za mraba hupoteza mita za ujazo milioni 10, ambazo ni lita 317 kwa sekunde, usiku na mchana. Bwawa pana na la kina kifupi ni sufuria iliyo jikoni.

Mashapo yanataka maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayoua mabwawa yetu kimyakimya. Milima ya Lushoto ni mikali na inalimwa. Maji ya gharika yakibeba gramu 2 tu kwa lita, kila mita za ujazo milioni 10 zinazoingia huleta tani 20,000 za udongo. Zikitulia kwa tani 1.3 kwa mita ya ujazo, ni zaidi ya mita 15,000 za ujazo zimeondoka kwenye bwawa. Tena udongo hautulii vizuri pembeni na chini kama vitabu vinavyochora. Mchanga mzito huangukia mwanzoni mwa bwawa, pale mto unapoingilia, na kula nafasi ile ile iliyohesabiwa kuwa ya maji. Wakati huo huo maji yanayotoka upande wa pili ni safi kupita kiasi. Hayana mzigo, hivyo huuchukua sakafuni na kwenye kingo, na mikoko ya Vanga, ambayo husimama juu ya tope linaloletwa na mto, inabaki kungoja kisichokuja.

Dawa ni mlango wa chini ulio mkubwa wa kutosha kufunguliwa gharika la kwanza la msimu likiingia, bwawa likiwa chini, ili maji machafu yapite moja kwa moja. Ukingoja bwawa lijae ndipo ufungue, tope limeshatulia na mlango utatoboa shimo dogo tu mbele yake. Nyingine iko mlimani: matuta ya kontua na majani tembo, na ile mita 60 kando ya mto ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Fedha za kazi hiyo ziingizwe kwenye gharama ya bwawa lenyewe. Zikiachwa ziwe "mradi wa jamii" hapo baadaye, hazitaonekana.

Kama tungeulizwa, tungeanza na kitu kidogo kuliko ukuta wa kuukata mto. Bwawa la pembeni, linalojazwa kwa mfereji wakati wa gharika peke yake, linaacha mto upite na mashapo yake. Kizingiti cha mfereji kikiwekwa juu ya kina cha kiangazi, hata mwendeshaji mwenye tamaa hawezi kuchota maji ya Februari. Kwa mahitaji ya mifugo na visima nyikani kuna mabwawa ya mchanga, ambayo wenzetu wa Kitui na Machakos wana uzoefu nayo. Ukuta wa mita 1 hadi 4 unakalishwa juu ya mwamba kwenye korongo la mchanga, unapandishwa kwa hatua, msimu kwa msimu, ili maji yaburute udongo laini na kuacha mchanga wa chembe kubwa nyuma yake. Ukiupandisha wote kwa mpigo unanasa tope, na tope halitoi maji. Ukiukalisha juu ya mchanga badala ya mwamba, maji hupita chini yake na ukuta unabaki mapambo. Mchanga mzuri huhifadhi karibu robo ya ujazo wake kuwa maji ya kuchotwa, na jua haliyafikii.

Tumebakiwa na nani ashike ufunguo. Mwaka 2013 nchi zetu mbili zilitia saini makubaliano ya kusimamia kwa pamoja Ziwa Chala, Ziwa Jipe na Mto Umba. Karatasi ipo. Tunachotaka ni iwe na meno. Kwenye bwawa la Kariba, Mto Zambezi, Zambia na Zimbabwe wana mamlaka moja ya mto inayogawa maji kila mwaka kwa kila upande. Novemba 2022 upande wa Zimbabwe ulikuwa umemaliza mgao wake na mamlaka hiyo ikauamuru usimamishe kuzalisha umeme. Iliuma, nchi ikiwa gizani, lakini ndivyo mgao unavyokuwa mgao. Karibu zaidi, Rusumo, sisi, Rwanda na Burundi tunagawana megawati 80 za mtambo mmoja kwenye Mto Kagera. Kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba haiwezekani.

Wapo watakaouliza kwa nini mwenye chanzo aombe ruhusa. Mwaka 1962 Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929, ambao ulimpa wa chini kura ya turufu. Ilikuwa haki, na msimamo huo bado ni wetu. Kumpa jirani taarifa, vipimo na nafasi ya kusema mapema hakumpi kura ya turufu. Kunamwondolea sababu ya kuidai.

Kwa hiyo: kikao cha mgao kila Septemba, kabla ya vuli, zamu Tanga na zamu Kwale, chenye wajumbe wa jumuiya za watumia maji toka mlimani hadi Vanga. Vipimo vya vituo vyote vitatu vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za kata na za wadi. Na nyaraka ziwe kwa Kiswahili. Mdigo wa Mkinga na Mdigo wa Lungalunga wanasalimiana bila mkalimani. Ajabu ni kwamba taarifa ya athari za mradi unaowahusu wote wawili huandikwa kwa lugha ambayo wote wawili wataletewa muhtasari wake. Kuwe pia na orodha ya simu za dharura, ya watu wawili kila kijiji kando ya mto hadi baharini, inayojaribiwa kila mwanzo wa masika. Ikipigwa saa nane usiku na simu tatu hazikupokelewa, orodha hiyo haifai, ibadilishwe.

Waheshimiwa wa Kenya, haya tunayowaahidi kwa Umba ndiyo tunayowaomba kwa Jipe. Lumi unaleta tope, na ziwa lenyewe ni la kina kifupi; matete yameufunga upande mkubwa na perege wa Jipe wanakosa pa kuzalia. Tunaomba kituo cha kupima pale Lumi inapoingia ziwani, na kingine pale Ruvu inapotoka, kwa masharti yale yale: kinasa cha dakika 15, timu mbili, asilimia 10, namba kubandikwa. Vibali vipya vya kuchota maji upande wa Taveta vitujie kabla havijasainiwa, kama ambavyo vya Mlalo na Mkinga vitakavyowajia ninyi.

Kazi ya kwanza haihitaji mkopo. Geji tatu za chuma zilizopakwa rangi, saruji ya kuzikalisha kwenye nguzo au mwamba, alama ya kudumu ukingoni ya kukagua kama geji imezama au imepinda, na posho ya wasomaji watatu inayofika mwisho wa mwezi. Zikiwekwa kabla ya vuli ijayo, gharika la kwanza litaandikwa.

Kwa heshima,

Wapima mito, mafundi wa umwagiliaji na watumia maji,
Tanga